Ijumaa Iliyokosa Mtu Mmoja

Walikuwa wameshaipita mihogo ya mwisho ya Vihingo, Thadeo mbele akisukuma baiskeli, Mwamini nyuma na kikapu kichwani, tarishi wa jumbe alipowafikia akihema kama aliyekimbizwa na nyuki.

"Nyie! Jumbe anasema mrudi."

"Anasema au anaamuru?" Thadeo aliuliza bila kusimama.

"Anasema... anaamuru. Bwana Andrew kamletea ujumbe. Habari ya mguu wa Zahoro iko mahakamani, watu wasiende kuichokonoa huko Misugusugu."

Mwamini alisimama, akageuka taratibu kwa ajili ya kikapu. "Kaka, umeshakunywa uji?"

"Bado."

"Basi rudi ukanywe. Ukifika mwambie jumbe umetukosa njiani."

"Nitasemaje nimewakosa, na ninyi hawa hapa nawaona?"

"Kama wanavyosema wao kwamba mume wangu alikuwa anaendesha lori. Unasema tu, wala humezi mate."

Tarishi alicheka, kisha akakumbuka kuwa yuko kazini, akanuna. Walimwacha pale njiani akijifuta jasho kwa kofia yake ya serikali.

Thadeo alikuwa koplo wa upelelezi Dar es Salaam kwa miaka kumi na mmoja, hadi siku alipotakiwa aandike kwamba ameona jambo ambalo hakuliona. Alivua sare, akarudi Kisarawe, akapewa pembe ya baraza na fundi mmoja wa cherehani, akaweka meza, kidau cha wino na kiti cha mteja. Aliwaandikia watu barua za serikali: za leseni, za urithi, za kugombea mipaka ya mashamba. Barua nyingi ziliandikika pale pale mezani. Nyingine hazikuandikika mpaka mtu ainuke akatazame kwa macho yake, na hii ya Zahoro ilikuwa ya namna hiyo.

Habari yenyewe ni hii. Ijumaa ya tarehe tisa Mei, mwaka wa 1952, lori la Bwana Andrew, tajiri wa mkaa na nafaka wa Kisarawe, lilishindwa kupanda kilima cha kuingilia Janga. Likarudi nyuma, likamsaga Zahoro mguu wa kulia. Hospitali waliukata juu ya goti. Zahoro alikuwa utingo wa lori lile. Yeye alisema aliruka chini na kigogo chake kuzuia gurudumu, kama afanyavyo utingo yeyote gari likigoma mlimani, na dereva, Maneno, akaachia breki kabla kigogo hakijakaa. Maneno na tajiri wake walisema vingine. Maneno alikuwa msikitini Misugusugu anaswali; huku nyuma Zahoro akaliiba lori, akaliendesha bila leseni, likamshinda kilimani, akaruka, likamkanyaga.

"Mzee Thadeo, hebu niambie tena," Mwamini alisema walipoanza kuteremka. "Nataka nikifika kule niwe naijua."

"Sheria ya fidia ya wafanyakazi imekuja juzi juzi, baada ya vita. Haiulizi nani mjinga, nani mwerevu. Inauliza neno moja: uliumia ukiwa kazini? Aliyeumia akiweka kigogo kaumia kazini. Aliyeumia akiiba lori la tajiri hakuwa kazini. Huyo hapati hata senti."

"Na mguu ni ule ule."

"Mguu ni ule ule. Tena dai lipelekwe ndani ya miezi sita. Leo Jumatano, zimebaki siku kumi na moja. Na Jumatatu hii mumeo anasomewa shtaka la kuendesha bila leseni. Akitiwa hatiani Jumatatu, hilo dai la fidia usijisumbue kulipeleka."

"Na huko kufilisika anakodai Andrew, kwamba hana cha kulipa? Mbona jana nimemwona kavaa viatu vipya?"

"Hilo tutalifikia. Kwanza tujue nani alishika usukani."

Mwamini alihamisha kikapu. "Mimi najua nani alishika."

"Mimi pia najua, binti. Hakimu ndiye hajui."

*

Maneno walimkuta kwenye mgahawa wa kando ya barabara, Misugusugu, na kikombe cha kahawa na kashata mbili mbele yake. Alikuwa mwanamume mnene wa sauti kubwa, na alipomwona Thadeo akavuta benchi mwenyewe.

"Karibu, koplo. Nimeambiwa unakuja. Uliza unachotaka, mimi sina la kuficha."

"Ahsante. Nitaandika, kisha nitakusomea. Kama kuna neno nimekosea, utanirekebisha."

"Andika."

"Ijumaa ile, saa saba mchana, ulikuwa wapi?"

"Msikitini. Msikiti huu huu wa Misugusugu. Mimi si mkazi wa hapa? Niswali wapi kwingine?"

"Uliingia lini?"

"Kabla ya adhana ya pili. Nikatoka watu walipotoka, saa saba imeshapita."

"Uliketi wapi?"

"Nyuma, karibu na mlango."

"Jirani yako nani?"

"Koplo, mtu anaswali au anatazama jirani?"

"Mwalimu alihutubu nini?"

Maneno alitafuna kashata. "Wazazi. Kuwatii wazazi."

"Na ufunguo wa lori?"

"Niliuacha garini. Utingo ndiye mlinzi wa gari. Ningejua mlinzi ni mwizi?"

Mwamini, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha mlango, akasogea. Kwa miaka minne Maneno alikuwa akila kwake kila lori lilipolala Vihingo. "Shemeji, hujambo?"

Kikombe kilisita njiani. "Sijambo, shemeji. Zahoro anaendeleaje?"

"Amelala tu. Anakusalimu. Anauliza, hiyo Ijumaa uliyoswali, ulimwombea?"

"Shemeji, sheria ni sheria."

"Sikukuuliza sheria. Nimekuuliza dua."

Maneno akamgeukia Thadeo. "Imetosha. Nisomee nitie sahihi, nina kazi."

Thadeo alimsomea mara mbili, polepole. Msikitini kabla ya adhana ya pili. Nyuma karibu na mlango. Hotuba ya wazazi. Kutoka na watu. Maneno akasema neno kwa neno ndivyo. Akatia sahihi kubwa yenye mkia, mbele ya mwenye mgahawa, naye mwenye mgahawa akatia yake kama shahidi.

"Kwa nini umemwandikia vizuri hivyo?" Mwamini alifoka walipofika nje. "Umemnyooshea uongo wake kama unapiga pasi!"

"Uongo usioandikwa hubadilika kesho. Huu sasa umekaa."

Usiku ule walilala kwa shangazi yake Mwamini, na Alhamisi asubuhi Thadeo akapanda baiskeli kwenda Janga peke yake.

*

Alichokifuata Janga ni kigogo. Kila utingo ana chake, hukitia alama kwa chuma cha moto ili wenzake wasikiibe, na cha Zahoro kilikuwa na mistari mitatu. Kama kigogo kilibaki pale kilimani, ubavuni mwa gurudumu, kingesema chenyewe kwamba mwenye nacho alikuwa chini, si kwenye usukani. Aliambiwa aliyefika wa kwanza kwenye ajali ni mkulima mmoja, mjane, jina lake Petronila. Alimkuta shambani analima.

"Habari za kazi, mama. Ni mimi Thadeo, natoka Kisarawe. Nimekuja kwa habari ya yule utingo."

"Yupo bado?" Petronila aliacha jembe. "Nilimwombea misa mbili kanisani. Nilidhani naombea marehemu."

"Yu hai. Ulimkuta amelala wapi?"

"Nyuma ya lori, upande wa kushoto, uso unatazama gurudumu. Nikamfunga mguu kwa kanga, nikapiga yowe."

"Kulikuwa na kigogo?"

"Kilikuwepo. Kizito, cha mninga, kina mistari."

Thadeo alifungua daftari. "Mingapi?"

"Mitatu."

"Kiko wapi sasa?"

Petronila akamtazama, akatazama jembe lake, kisha akatazama juu mbinguni. "Nilikipikia maharage."

"Maharage!"

"Mwezi wa sita, baba. Kuni zote zilikuwa mbichi, na kile kikavu kimekaa tu mlangoni. Ningejua ni ushahidi ningeyala mabichi."

Thadeo alifunga daftari, akalifungua tena. "Ulimwona mtu mwingine?"

"Mmoja, anateremka kilima kwa miguu, upesi. Mgongo tu. Shati la kaki."

"Mama, nusu ya watu wa wilaya hii wamevaa shati la kaki. Mimi mwenyewe hili hapa."

"Basi ulikuwa wewe," Petronila alisema, akarudi kwenye jembe lake.

Aliyaandika yote hivyo hivyo. Yalikuwa maneno mazuri, lakini hayakutosha. Bwana Andrew angesema Zahoro aliruka kutoka kwenye usukani akaangukia nyuma, na kigogo kiliporomoka chenyewe. Thadeo alirudi Misugusugu jioni na daftari lililokuwa na kurasa tano na jibu lisilokuwepo.

*

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Mwalimu Mwinyijuma, imamu wa msikiti. Hakuwa na tumaini kubwa. Alitaka kuuliza tu kama kuna aliyemwona Maneno nyuma karibu na mlango siku ile. Na kama hakuna, bado ni neno la watu waliosahau dhidi ya neno la mtu anayekumbuka. Mzee alikuwa kibarazani anashona ukingo wa mkeka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Nauliza habari ya Ijumaa moja ya zamani. Tarehe tisa Mei. Hotuba yako ilihusu nini?"

Mwalimu alivuta ukindu, akafikiri kidogo tu. "Tarehe tisa Mei? Hapakuwa na hotuba."

"Uliumwa?"

"Sikuumwa. Hapakuwa na Ijumaa."

Thadeo alikuwa Mlutheri, mtoto wa misheni ya Maneromango. Alidhani mzee amechanganyikiwa. "Mwalimu, kila wiki ina Ijumaa yake."

"Siku ilikuwepo. Swala ya Ijumaa ndiyo haikuwepo. Sisi kwetu haiswaliwi mpaka watimie wanaume arobaini, wakazi wa mahali. Wakipungua, tunaswali adhuhuri kama siku nyingine, hotuba hakuna, kila mtu anakwenda zake. Siku ile mpunga ulikuwa unaiva. Nusu ya wanaume wako bondeni wanaamia, wanafukuza ndege. Tukahesabu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Thelathini na tisa."

"Mlikosa mtu mmoja."

"Mtu mmoja!" Mwalimu aliitupa sindano mkekani. "Miaka kumi na minane nasalisha hapa, haijapata kutokea nikakosa mtu mmoja. Kumi sawa, watano sawa. Mmoja inauma. Tukatoka barabarani kumtafuta. Msafiri hahesabiwi, tunataka mwenye nyumba hapa. Ndipo likaja lori."

Kalamu ya Thadeo ilisimama. "Lori la nani?"

"La Andrew. Kwenye usukani yupo Maneno, ana nyumba hapa, ana mke hapa. Mzee Mwinyimadi akasimama katikati ya barabara na kanzu yake nyeupe, kanyoosha mikono namna hii. Tukamwambia, Maneno, shuka dakika ishirini tu, utimize. Akasema tajiri ana haraka. Akapiga honi, akamkwepa mzee, akaenda."

"Na utingo?"

"Juu ya magunia. Alitusemesha. Alisema, Mwalimu, mimi ningeshuka, lakini mimi wa Vihingo, hamtanihesabu."

"Saa ngapi hiyo?"

"Adhana ya kwanza imeshatoka. Saa sita na nusu, haizidi."

"Kutoka hapa mpaka kilima cha Janga, lori huchukua muda gani?"

"Nusu saa, likiwa na mzigo."

"Mwalimu," Thadeo aliweka sauti chini, "kwa nini hamkusema haya miezi mitano yote?"

"Nani alituuliza? Tulisikia utingo kaumia Janga, tukasikitika. Tungejuaje?"

Thadeo akamsomea karatasi ya Maneno, yote, hadi sahihi yenye mkia. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ilipofika hotuba ya wazazi akainua uso, na ulikuwa wa hasira tupu.

"Alikuwa ndani, anasema?"

"Nyuma, karibu na mlango."

"Angekuwa ndani, tungekuwa arobaini," alisema Mwalimu. "Kaa hapa hapa. Leo baada ya swala hatoki mtu."

*

Swala ilipokwisha, wanaume hamsini na zaidi walibaki uani. Thadeo alikuwa ameazimwa meza na mwenye mgahawa. Waliokuwepo tarehe tisa Mei wakajitenga upande mmoja, wakaanza kutajana, na kila aliyesahauliwa alipiga kelele mwenyewe. Kwa Ijumaa nyingine yoyote wangegombana nani alikuwepo. Kwa ile hawakugombana. Walishahesabiana mara tatu. Wanne walikuwa hawapo tena, wawili wamehama na wawili wamefariki. Thelathini na watano walipanga mstari mbele ya wino.

Majina kumi na mawili yalikuwa yameshaandikwa lori liliposimama barabarani. Bwana Andrew aliteremka, na nyuma yake Maneno. Mtu alikuwa ameshakimbiza habari.

"Nani kakuruhusu kukusanya watu?" Andrew aliuliza.

"Sikuwakusanya, bwana. Wamekuja kuswali."

Watu wakaguna. Andrew akaiendea meza. "Thadeo, sikiliza, tuongee kiutu uzima. Unawachosha watu bure. Mimi nimefilisika. Karatasi nimeshazipeleka mahakamani. Hata huyo utingo akishinda, atakula nini kwangu? Hata lori hili si langu tena. Ni la mke wangu, Kristina."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe ishirini na tatu Mei."

"Wiki mbili baada ya mguu," alisema mtu nyuma, na ua mzima ukaangua kicheko.

Thadeo hakucheka. Alizungumza kwa sauti ya kusikika, maana alitaka wote wasikie. "Bwana Andrew, mtu akifilisika, mali yake hugawanywa kwa foleni, na fidia ya mfanyakazi aliyeumia haipangwi nyuma kabisa ya foleni. Na mali uliyomwandikia mkeo bila bei, wakati mguu wa mtu bado una bandeji, mahakama inaweza kuirudisha kwenye foleni hiyo hiyo. Kufilisika si shuka la kujifunika. Ni kufunuliwa. Watauliza hata viatu."

Macho yote yakateremka kwenye viatu vya Andrew.

"Nitawashitaki nyote," Andrew alisema. "Kwa kusema uongo!"

Mzee Mwinyimadi, aliyekuwa wa kumi na tatu katika mstari, akajitokeza na fimbo yake. "Mimi ndiye niliyesimama mbele ya lori lako. Nusura lije juu yangu. Nishitaki mimi kwanza, nina miaka sabini na tatu, nifanyie haraka." Akamgeukia Maneno. "Na wewe, hebu nitazame. Ulikuwa nyuma, karibu na mlango? Karibu na mlango nilikuwa mimi! Mbona hukunisogezea mkeka?"

Maneno alitazama uso mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa majirani zake. Wengine walibeba jeneza la baba yake.

"Mimi nilidhani mlimpata mwingine," alisema.

Andrew alifumba macho.

"Mwingine nani, Maneno?" Mwalimu aliuliza polepole. "Tulikukosa wewe."

"Nilidhani... niliwaona kwenye kioo mnaelekea nyumbani kwa Saburi. Nikajua mtamtoa ndani, mtatimia."

"Kwenye kioo cha nini?" Thadeo aliuliza, kalamu mkononi.

Maneno aliketi chini mchangani, mtu mnene vile, na sauti yake kubwa yote ikawa imemwishia.

Andrew akamfuata Mwamini aliyesimama nje ya ua pamoja na shangazi yake. Akatoa pochi. "Dada, tusifike mbali. Chukua hizi za dawa, mengine tutazungumza."

Mwamini hakuitazama pochi. "Bwana Andrew, sikuja kukuomba. Ningekuja kuomba ningekuja peke yangu. Rudisha hela yako mfukoni, kesho usije ukaniambia nimekuibia hiyo nayo."

"Utajuta, mwanamke."

"Nimeshajuta miezi mitano. Sasa zamu yako."

Nyuma yao Mwinyimadi alikuwa amechovya kidole gumba hadi kwenye kiungo. Akakikandamiza kwenye karatasi kama anayeua mdudu, akakiinua juu kikiwa cheusi, ili kila mtu akione, na Andrew naye akione vizuri. "Haya, wa kumi na nne!" aliita. "Sogea!"

*

Jumatatu watu thelathini na mmoja wa Misugusugu waliingia Kisarawe kwa miguu, wakaketi nje ya boma mpaka walipoitwa. Maneno alisema kweli kabla mashahidi watano hawajamaliza. Shtaka la Zahoro lilifutwa. Dai la fidia lilipokelewa Jumatano, siku nne kabla ya muda kwisha.

Maneno alifungwa miezi minne na kunyang'anywa leseni. Alipotoka hakurudi Misugusugu. Alionekana Morogoro akilinda ghala. Bwana Andrew alishindwa kueleza lori la mkewe. Liliuzwa kwa mnada, fidia ikalipwa mwezi wa tatu mwaka uliofuata, pungufu kidogo ya ilivyokadiriwa. Mwaka wa 1954 alifilisika kweli. Kristina alirudi kwao. Jumbe wa Vihingo alisema siku zote alikuwa upande wa Zahoro.

Mwinyimadi alikufa mwaka ule ule, Mwalimu Mwinyijuma miaka mitatu baadaye. Petronila alilima Janga hadi uzeeni. Thadeo alifunga meza yake ya Kisarawe mwaka wa 1955, akaenda kusini na baiskeli. Barua moja ilifika kutoka Lindi, halafu hazikufika tena.

Mwamini na mumewe walifungua duka dogo Vihingo, wakazaa watoto wengine wawili. Zahoro alifariki mwaka wa 1971. Alikuwa hajui kuendesha gari.